Safari ya Jahazi Visiwani Mafia: Thamani Yake Iko kwa Nahodha Anayekubali Kungoja

Safari ninayoitathmini hapa ni ya jahazi la kulala baharini katika visiwa vya Mafia. Huanzia Utende, upande wa mashariki wa kisiwa kikuu, hupitia Ghuba ya Chole, visiwa vya Chole, Juani na Jibondo pamoja na mwamba wa Kitutia, kisha huzunguka ncha ya kusini na kumalizikia Kilindoni, kwenye maji ambako papa potwe huja kula. Sitaitaja kampuni kwa jina, kwa sababu zinazofanya njia hii ni chache, vyombo vyao vinafanana, na mengi ya kuzingatia yanahusu majira, maji na mabaharia kuliko maandishi yaliyo ubavuni mwa chombo. Hukumu yangu naitanguliza: ni safari inayostahili gharama yake, ilimradi ifanywe katika mwezi unaofaa na iongozwe na nahodha asiyekubali kumkimbiza mnyama ili kumridhisha mteja.

Jambo la kwanza la kuuliza, hata kabla ya bei, ni majira. Matangazo mengi ya Mafia hupanga pamoja picha za papa potwe, za vitoto vya kasa vikikimbilia maji na za nyangumi akiruka, kana kwamba wote hao wanapatikana katika wiki moja. Haiwezekani. Papa potwe huonekana kwa urahisi mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, pepo zikiwa za kaskazi au zikielekea huko. Viota vya kasa vilivyo kwenye fukwe za mashariki ya Juani huanguliwa kwa wingi wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Septemba. Nyangumi wenye nundu, wanaotoka kwenye maji baridi ya kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto, hupita mbali kidogo na pwani kati ya Julai na Oktoba. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei ni masika. Mvua huwa kubwa, maji huchafuka, na hoteli kadhaa za Utende hufunga milango. Nilipopiga simu kuuliza kuhusu kasa wanaoanguliwa, aliyepokea alinijibu bila kuzunguka kwamba kwa tarehe nilizozitaja sitawaona, na kwamba kama kasa ndio shabaha yangu basi nisubiri kusi. Angeweza kuniuzia matumaini, nami nisingekuwa na la kumshika nalo. Uaminifu ule ulinifanya niwaamini katika mengine.

Kuhusu kufika, sina mengi. Ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na kutua Kilindoni baada ya muda unaozidi nusu saa kidogo, na anayekaa dirishani huiona delta ya Rufiji ikitawanyika chini yake, matawi ya mto na mikoko, hadi matope yanapokutana na buluu. Kwa njia ya bahari watu huvuka kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti za abiria. Ninamshauri msafiri achague kivuko na aachane na boti inayopakia watu na mizigo hadi ubao wa juu unakaribia maji. Mkondo wa Mafia si wa kuchezewa. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni mwendo mfupi wa gari kwenye lami, na kabla ya kufika kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambapo kila mgeni hulipa ada na kupewa stakabadhi. Itunzwe, kwa maana askari wa hifadhi huiulizia hata baharini.

Chombo chenyewe ni jahazi la mbao lililotiwa mashine, lenye tanga ambalo si pambo. Kila upepo uliporuhusu, nahodha alizima mashine na kulikweka, na hapo ndipo mtu hutambua ni kiasi gani cha safari za boti hupotea katika mngurumo na moshi wa dizeli. Usiku magodoro hutandikwa sitahani chini ya turubai, kila moja na chandarua chake. Mwenye kuhitaji faragha kamili hataipata, na familia zenye wazee zijue kwamba choo ni chumba kidogo cha nyuma, kisafi lakini chembamba, na ngazi yake ina mwinuko mkali. Maji ya kuogea hupimwa kwa ndoo. Hayo hayakunikera, ila ilipasa yaelezwe kabla ya malipo, si baada ya kupanda.

Chakula kilikuwa kizuri kupita matarajio ya jiko la mkaa lililo katika sanduku la mchanga. Tulikula changu wa kupaka, wali wa nazi, pweza aliyechemshwa akalainika kabla ya kutiwa tui, na asubuhi mkate wa kumimina kwa chai ya tangawizi. Samaki wote walinunuliwa kwa wavuvi tuliokutana nao njiani, na mpishi aliwauliza waziwazi wamevua wapi na kwa zana gani. Aliwarudishia kamba kochi mmoja mchanga na akamkataa pweza mdogo aliyeletwa kwa bei ya kutupa. Nimekula katika hoteli kubwa za pwani ambako hakuna anayeuliza swali hilo.

Vifaa vya kuogelea kwa snokeli ndivyo vilivyo dhaifu zaidi katika huduma hii. Miwani kadhaa ilikuwa na mipira iliyokauka, ikipitisha maji kila mtu alipotabasamu, na mapezi ya miguu midogo hayakutosha. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo ya watu wazima, lakini ya watoto yalikuwa machache mno kwa kampuni inayokubali familia. Mwenye miwani yake inayomkaa usoni aibebe. Na asiyejua kuogelea asione haya kusema: mwongozaji wetu alimshika mama mmoja mkono tangu ngazini, akamweka juu ya boya la duara na kumvuta taratibu juu ya matumbawe, naye akaona kila tulichokiona sisi tuliokuwa tukipiga mapezi.

Pia maelezo ya usalama yalitolewa kwa Kiingereza pekee, ingawa zaidi ya nusu yetu tulikuwa Watanzania na Wakenya. Tulipoomba, yakarudiwa kwa Kiswahili, na papo hapo yakawa marefu na yenye manufaa zaidi, kwa sababu mwongozaji aliacha kukariri na akaanza kueleza anavyoyajua maji yake. Mkondo hapa hupinda kushoto baada ya ule mwamba. Samaki huyu msimsogelee, analinda mayai. Ukiona mawimbi madogo yaliyosimama kama maji yanayochemka, rudi ulikotoka. Utalii wa ndani unakua, na kampuni za visiwani zina kila sababu ya kuanza na lugha ya abiria wake.

Sasa niingie majini. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995 kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, nayo ilikuwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Ina eneo la kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji, mashamba ya minazi na maelfu ya watu wanaoishi kwa bahari hiyohiyo. Kwa hiyo si bustani iliyozungushiwa ua. Imegawanywa katika kanda: kuna sehemu ambazo wenyeji huvua kwa zana zinazokubalika, na sehemu ambazo hakuna anayeruhusiwa kutoa kitu. Tofauti ya kanda hizo huonekana kwa macho. Mahali palipolindwa zaidi, chewa wakubwa hutoka katika mapango yao na kumtazama mtu bila kuondoka. Mahali panapovuliwa, samaki wa ukubwa huo hawapo, na waliopo hujificha mapema.

Ghuba ya Chole hupumua kwa maji kujaa na kupwa, na asiyeelewa hilo ataiona mbaya. Maji yanapojaa, bahari kuu huingia kupitia mlango wa Kinasi ikiwa safi na ya buluu, na mtu aliye juu ya matumbawe huona mbali. Yanapopwa, ghuba hujimwaga kupitia mlango uleule, ikibeba mchanga na vumbi la majani ya bahari, na uono hupungua ndani ya muda mfupi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na mkondo wa Kinasi hauogeleeki. Kwa hiyo muda mzuri ni mfupi: maji yakikaribia kujaa, yakisimama, na kidogo baada ya hapo. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, muda huo hurefuka na bahari hutulia.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu nahodha wetu. Asubuhi moja tulifika karibu na Kinasi mapema, na boti nyingine ilikuwa tayari imeshusha wageni wake, ambao walionekana wakipigana na mkondo vichwa vikiwa nje ya maji. Kijana mmoja wa kikundi chetu akamwomba nahodha nasi tushuke. Mzee yule, ambaye alikuwa akitazama kipande cha mwani kikipita ubavuni, akasema tu, "Maji bado, mwanangu. Tuyangoje." Tukakaa, tukanywa chai. Mwani ukaanza kwenda polepole, kisha ukasimama, ndipo akainua kidole. Tuliposhuka, bahari ilikuwa imetulia kabisa na mwanga wa jua ulifika hadi chini.

Pale ndipo nilipomwona ng'amba, aina ya kasa, akila. Alikuwa amejibana kwenye ufa wa mwamba, mapezi ya mbele yakiusukuma kama mtu anayekaza mlango, na kwa mdomo wake uliochongoka kama wa ndege alikuwa aking'oa vipande vya sifongo. Kila alipong'oa, unga ulitoka, na vitatange wawili wa manjano waliokuwa wakingoja pembeni waliingia kuokota makombo. Magamba yake ya mgongoni yalipandana kama vigae, ya kahawia yenye miali ya rangi ya asali. Kwa ajili ya magamba hayo ng'amba waliwindwa duniani kote kwa karne nyingi, na biashara ya pwani yetu ilishiriki. Baada ya muda akatoka, akapanda juu kuvuta pumzi akipita karibu nasi, akarudi kwenye ufa uleule. Mwongozaji hakumfuata wala hakumwelekezea mtu kamera. Alitupa ishara ya mkono tubaki tulipo, na kwa sababu hiyo tulimwona hadi alipomaliza.

Matumbawe ya Mafia yana historia ya majeraha, na ninapenda kampuni inayoieleza. Miaka ya nyuma uvuvi wa baruti ulipasua miamba mingi, na wakazi walichimba matumbawe kwa ajili ya chokaa na ujenzi. Kisha mwaka 1998, joto la bahari lililoletwa na El Niño lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, Mafia ikiwemo. Mwamba wa Kitutia, ulio kusini mwa hifadhi, uliumia vibaya. Ukiogelea hapo leo, unaona yote mawili pamoja: vifusi vya matawi ya zamani vilivyogeuka kijivu, na juu yake matumbawe mapya, mengine yenye umbo la meza, mengine ya matawi yenye ncha za zambarau, yakishindania nafasi. Pono hukwangua mwani juu ya mifupa ya matumbawe na hivyo kuacha mahali safi ambapo tumbawe changa linaweza kushika. Sauti ya meno yao husikika wazi mtu akituliza pumzi. Mbono hupita kwa makundi yasiyo na mwisho, kikande huchimba mchanga kwa hasira, na mkunga hutoa kichwa na kukirudisha. Aina zaidi ya 400 za samaki zimeorodheshwa katika maji haya. Kitutia kwangu ndiko bora kwa snokeli, kupita hata Kinasi, kwa kuwa sehemu kubwa yake haina kina na mtoto anaweza kuona karibu sawa na mzamiaji. Fungu la mchanga huibuka hapo maji yakipwa, na chakula cha mchana huliwa juu yake. Mabaharia waliokota kila punje ya taka kabla hatujaondoka, pamoja na chupa zilizoletwa na mawimbi kutoka kwingine.

Jambo jingine la kusifu ni kwamba waliwaomba abiria wavae fulana za mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya kuzuia jua, ambayo baadhi yake hudhuru matumbawe. Kanga kichwani na fulana mwilini zilitutosha.

Vituo vya nchi kavu havikulingana. Jibondo tulipita haraka mno. Ni kisiwa cha mafundi wa majahazi, ambako chombo huchongwa kwa shoka na tezo bila mchoro wa karatasi, na ambako kwa muda mrefu maji ya kunywa yalikuwa yakivushwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikuu. Kukipa kisiwa kama hicho muda wa kupiga picha tu ni kukosa adabu kwa wenyeji na hasara kwa mgeni. Kule Juani tulipewa muda wa kutosha kwenye magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliostawi kwa karne nyingi hadi uliposhambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kuta za nyumba kubwa na mihrabu za misikiti bado zimesimama kati ya mibuyu. Upande mwingine wa kisiwa kuna wangwa wenye maji ya buluu, ambao maji ya bahari huingia na kutoka kupitia miamba, na humo wanaishi konyeza, viumbe laini wa baharini, wanaolala kichwa chini, minyiri ikielekea juu. Hufanya hivyo kwa sababu ndani ya miili yao kuna mwani mdogo unaohitaji mwanga wa jua na unaowalisha. Hawaunguzi kama konyeza wa kawaida, ingawa mwenye ngozi nyepesi anaweza kusikia mwasho. Tuliogelea juu yao bila mapezi, kwa amri ya mwongozaji, ili tusiwachane.

Chole kuna popo, nao pekee wangetosha kunileta. Ni popo wakubwa wala matunda, mabawa yao yakikunjuliwa huzidi mita moja, na jamii yao hii haipatikani popote duniani isipokuwa Komoro, Mayotte na hapa Mafia. Mchana huning'inia kwenye miti mikubwa wakijipepea kwa bawa moja, wakigombana na kupanguana. Jua likizama huondoka kwa makundi kuvuka maji kwenda kutafuta maembe na matunda mengine, na kwa safari hizo huchavusha maua na kusambaza mbegu. Wanakijiji wanailinda miti hiyo. Kwa kuwa tulilala chomboni, tuliwaona wakipita juu ya mlingoti wetu, jambo ambalo mgeni aliyerudi hotelini mapema hulikosa. Karibu na miti hiyo yapo majengo ya Wajerumani, waliokifanya Chole makao ya utawala wao hadi mwaka 1913 walipohamia Kilindoni kufuata kina cha kutia nanga. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta hadi haijulikani kipi kinamshikilia mwenzake.

Kisha papa potwe. Naandika kwa urefu hapa, kwa sababu ndilo jambo linalouzwa zaidi na linaloharibiwa kwa urahisi zaidi.

Papa potwe ni samaki mkubwa kuliko wote waliopo duniani; anaweza kuzidi mita 12, ingawa wengi wanaokuja Kilindoni ni madume wachanga wa kati ya mita 4 na 9. Hawindi wanyama wakubwa wala hamdhuru mtu. Hufungua mdomo mpana na kuchuja uduvi na viumbe vidogo, na sababu ya kuja mbele ya Kilindoni ni mawingu ya uduvi mdogo yanayojikusanya pale, katika maji yenye rutuba inayoshushwa na Rufiji. Wavuvi wa nyavu za dagaa hufuata neema hiyohiyo, kwa hiyo mara nyingi wanaojua papa alipo ni wao. Hutokea papa akaingia ndani ya mzunguko wa wavu, nao humfungulia njia atoke. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huondoka kwenda mbali, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye miili yao, ulionyesha kwamba wengi hubaki karibu na Mafia mwaka mzima, wakiwa tu chini zaidi na mbali zaidi na ufuo. Hao ni wakazi. Anayemsumbua papa leo anamsumbua yuleyule atakayeonyeshwa kwa mgeni wa mwakani.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui ni kwamba maji haya ya Kilindoni, kwa sehemu kubwa, yako nje ya mipaka ya hifadhi. Ulinzi wa papa kwa hiyo unategemea sana mwenendo wa kila nahodha. Kanuni ni nyepesi kuzisema: chombo kisogee taratibu na kisimkatie njia, waogeleaji wawe wachache kwa wakati mmoja, wakae angalau mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, wasimguse, wasipige picha kwa mwanga wa ghafla, na wasiruke kwa kishindo. Kuzifuata mbele ya wateja waliolipa, wenye muda mchache na walio na hamu, ni kazi nyingine.

Nahodha wetu alizima mashine mbali. Mwongozaji akapanda mtumbwi, akaenda kuzungumza na wavuvi, akarudi na kusema papa yupo lakini anakwenda haraka, wala hali chochote. Tukimwingilia atazama na hatutamwona tena. Tukangoja. Boti nyingine ya mashine mbili, iliyojaa watu, ikafika ikakata mbele ya pezi lililokuwa likionekana, na watu karibu wote wakarukia maji pamoja. Papa alizama mara moja. Waliobaki majini walitazamana kwa muda, wakapanda, boti ikaondoka kutafuta mwingine. Natamani wenye boti wangeelewa kwamba waliwanyima wateja wao kitu walicholipia, achilia mbali walichomfanyia mnyama.

Sisi tulipata wetu baadaye, naye alikuwa ametulia mahali pamoja, wima kabisa, mdomo ukiwa chini kidogo ya uso wa maji, akivuta uduvi kwa mikupuo. Tuliteremka wachache wachache kwa ngazi, bila kishindo. Kwa karibu, ngozi yake si ya kijivu kama inavyoonekana kutoka botini. Ina buluu nzito na madoa meupe yaliyopangwa kati ya mistari hafifu. Mpangilio wa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, ubavu wa kushoto, haufanani kwa papa wawili, na watafiti huutumia kumtambua kila mmoja kama alama ya kidole. Chini ya tumbo lake chazo, samaki wanaojigandisha kwa wengine, walikuwa wameganda, wengine wakubwa kama mkono wa mtu mzima. Jicho ni dogo, liko pembeni kabisa ya mdomo, nalo lilizunguka likanitazama, likarudi. Kila alipomeza, matamvua matano yalifunguka kwa mpigo na maji yakatoka. Aliendelea kula muda wote tuliokuwa naye, na hilo ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko ukubwa wake: hatukuwa tumemkatiza.

Kikundi cha pili kilishuka cha kwanza kilipopanda. Hakuna aliyesukumana, kwa maana zamu zilikuwa zimepangwa asubuhi na kila mtu alijua yake.

Kuhusu gharama, bei ya kulala chomboni ni kubwa kuliko ya kukaa nyumba ya wageni Kilindoni na kulipia boti kila siku, lakini inajumuisha chakula, mwongozaji, vifaa na vituo vyote. Ada ya hifadhi, nauli ya kufika kisiwani na takrima ya mabaharia havimo, na raia wa Tanzania hutozwa ada ndogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo aje na kitambulisho. Kwa mwenye uwezo mdogo, ningempendekezea alale Kilindoni na kuchukua boti ya asubuhi ya papa potwe, kisha siku nyingine avuke Utende kwenda Chole. Atakosa Kitutia na usiku wa sitahani, ila kiini atakipata.

Ningependa kampuni irekebishe mambo matatu kabla ya msimu ujao: inunue miwani mipya na majaketi ya watoto, itoe maelezo kwa Kiswahili tangu mwanzo, na iongeze nusu siku Jibondo kwa makubaliano na kijiji, mgeni akae na mafundi na pesa yake ifike kwao. Mabaharia wabaki walivyo.

Anayetaka kwenda achague tarehe kati ya mwishoni mwa Novemba na Februari, atazame kalenda ya mwezi ili siku za Kinasi na Kitutia ziangukie maji mafu, na amuulize wakala swali moja kabla ya kulipa: papa akiwa anakwenda mbio, nahodha wenu hufanya nini? Anayetaka vitoto vya kasa apange safari nyingine ya Julai au Agosti, alale Utende badala ya jahazini kwa sababu kusi huchafua bahari, na avuke Juani na walinzi wa viota wa kijijini siku watakayompigia simu kwamba kiota kimeiva.